Bondeni Texas, jangwani Arizona au pwani ya Florida: mstaafu akapishie wapi baridi?

Mwaka niliostaafu kuendesha basi la shule hapa Minnesota, theluji ya kwanza ilianguka kabla Oktoba haijaisha. Nikatoka na koleo, nikasimama mlangoni, nikamwambia mke wangu kwamba tangu tuhame Tanga hii ni mara ya kwanza hakuna anayenidai niwashe injini saa kumi na moja alfajiri. Akanijibu, "Sasa hilo koleo umelishikia nini, mzee?" Wiki tatu baadaye tulikuwa barabarani kuelekea kusini, trela la mtumba likitufuata nyuma.

Tangu hapo tumepisha baridi mara tatu, kila mara jimbo lingine: Bonde la Rio Grande huko Texas, kisha Arizona, kisha Florida. Watu wetu waliozeekea ughaibuni wakisikia huuliza swali moja tu, wapi kuna jua zuri? Jua lipo kote. Siku hizi mimi naulizia mambo mawili kabla hata sijatazama picha ya bwawa la kuogelea: nani atanigongea mlango nisipoonekana asubuhi, na hospitali inayopokea bima yangu iko umbali gani. Ulinganisho huu wote nimeupima kwa mizani hiyo, kwa hiyo kama wewe bado una miaka 50 na magoti mazima, punguza au ongeza chumvi mwenyewe.

Kwa asiyejua: RV ni nyumba ya magurudumu, ama basi lenye kitanda na jiko ndani, ama trela la kuvutwa na pikapu. Kambi ya RV inakukodisha kiwanja kidogo chenye maji, umeme na bomba la majitaka. Kambi nyingi pia zina vijumba vilivyoegeshwa moja kwa moja, vya hadi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37, unavyoweza kupanga bila kumiliki gari lolote. Wanaokuja huko kila baridi Wamarekani huwaita ndege wa theluji.

| | Bonde la Rio Grande | Arizona | Florida |
|---|---|---|---|
| Mchana wa Januari | nyuzi 21 hivi, mawingu na upepo | nyuzi 20 hivi, hewa kavu, usiku wa baridi | nyuzi 24 hivi upande wa kusini |
| Kodi | nafuu | karibu na bure jangwani, ghali Mesa | ghali kuliko zote |
| Majirani | wastaafu wa Minnesota, Iowa, Dakota | watu wa magharibi, na Wakanada wengi | Michigan, Ohio, New York, Ontario, Quebec |
| Umbali kutoka Minneapolis, Minnesota | km 2,300 hivi | km 2,900 hivi | km 2,800 hivi |
| Cha kuangalia | makaratasi | vumbi, umbali wa hospitali | nafasi, bima, vimbunga |

Bondeni

Wenyewe wanaliita Bonde, ingawa hutaona kilima hata kimoja. Ni tambarare la mto, mashamba ya michungwa na mabalungi mekundu, na miji iliyoshikana kama shanga: Mission, McAllen, Pharr, Donna, Weslaco, Harlingen. Kutoka kwetu unashika barabara ya I-35 mpaka San Antonio, halafu unashuka kusini. Wageni wa baridi hawaitwi ndege wa theluji huku, wanaitwa Winter Texans, na jina hilo limeandikwa kwenye mabango ya maduka kwa heshima kama vile ni cheo. Kweli ni cheo. Uchumi wa miji hiyo unawategemea Januari hadi Machi.

Kambi za Bondeni si za fahari. Kodi ya mwezi katika nyingi za kawaida bado iko chini ya dola 800, umeme ukilipia kwa mita. Unachopata ni ukumbi, na ukumbi ndio kambi. Wiki ina ratiba kama ya shule: asubuhi moja ni kahawa na matangazo, ambapo mtu anasimama kusema nani amelazwa na nani ametoka hospitali, mchana kushona mablanketi ya viraka, karata, karakana ya useremala, jioni bingo, au wazee wenye magitaa na fidla wanakusanyika kupiga nyimbo za ujana wao. McAllen ilijipa zamani jina la makao makuu ya dunia ya ile ngoma ya jozi nne, ambayo mtu mmoja anaimba amri kwenye kipaza sauti na wachezaji wanane wanageuka kwa zamu. Mara ya kwanza kuiona nilikumbuka hadithi za babu kuhusu beni: ukubwa wa furaha ni ule ule, na ukikosea hatua unaharibia watu wote. Mke wangu aliishika baada ya wiki mbili. Mimi ninabeba viti.

Mpaka wa Mexico uko karibu mno. Wazee huegesha gari upande wa Marekani, wanavuka daraja kwa miguu hadi Nuevo Progreso, wanatengeneza meno, wananunua dawa na miwani, wanarudi kabla ya jua kuzama. Bei zinavutia na madaktari wa meno wengi wanazungumza Kiingereza. Lakini mji huo uko katika jimbo la Tamaulipas, ambalo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikiliwekea onyo la juu kabisa, la kutosafiri. Majirani zangu wanavuka hata hivyo. Sisi tulivuka mara mbili, mchana, na hatukutoka barabara kuu.

Kwa sisi wahamiaji kuna la ziada. Ukitoka Bondeni kurudi kaskazini, hata kama hukuvuka mpaka, utapita kizuizi cha ukaguzi wa uhamiaji, Falfurrias au Sarita kutegemea barabara. Raia abebe pasipoti au uthibitisho mwingine. Mwenye Green Card, kadi ya ukaazi wa kudumu, aibebe kadi yenyewe, si picha kwenye simu, maana sheria inamtaka mtu mzima awe nayo wakati wote. Na asiye raia anayehamisha anwani yake anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, jambo ambalo wengi wanaoacha nyumba na kuhamia RV moja kwa moja hulisahau.

Ndege wa porini ni habari nyingine. Kuna aina kadhaa zinazopatikana Bondeni ambazo hutaziona kwingine Marekani, kwa sababu ni za Mexico zimeishia hapo. Nenda hifadhi ya Santa Ana alfajiri usikie chachalaka wakipiga kelele. Ni kama kanga wa porini waliogombana.

Arizona ni mbili

Usiniambie "nakwenda Arizona" bila kusema ipi. Ya kwanza ni Mesa na Apache Junction, pembeni mwa Phoenix, chini ya milima ya Superstition. Kule kambi ni miji, nyingine zina nafasi zaidi ya elfu. Mabwawa, viwanja vya pikoboli (mchezo ulio ndugu na tenisi) kuanzia alfajiri, kwaya, madarasa ya kuchonga vito, jumba la maonyesho. Februari na Machi timu 15 za besiboli hujinoa katika eneo la Phoenix, na wastaafu wanakwenda viwanjani kama sisi tulivyokuwa tukienda Mkwakwani. Ukipenda shughuli nyingi kuliko kujuana na watu, hapa ndipo.

Tatizo nililoliona ni kwamba kambi ikiwa kubwa kupita kiasi, unasalimiwa na watu mia na hakuna anayejua jina lako. Halafu kuna masharti. Kambi moja, ambayo sitaitaja, ilitukataa langoni kwa sababu trela letu lilikuwa limepita miaka 10. Kanuni hiyo ni ya kawaida sehemu nyingi, nami sikuwa nimeuliza. Uliza kwa simu, na taja mwaka wa gari lako kabla hujataja jina lako.

Arizona ya pili ni Quartzsite, na hii ndiyo iliyoniteka. Ni mji mdogo jangwani, wenye wakazi elfu chache tu, karibu na mpaka wa California. Pembeni yake serikali kuu ina ardhi ya La Posa ambapo kwa miaka mingi kibali cha dola 180 kimekuruhusu kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Cha wiki mbili kimekuwa dola 40. Hakuna kiwanja kilichochorwa. Unachagua kichaka chako, unaegesha. Maji ya kuchota na mahali pa kumwaga uchafu vipo sehemu moja, umeme ni wako mwenyewe, wa sola au jenereta. Januari ikifika, hema kubwa la maonyesho ya RV linasimamishwa, wachuuzi wa mawe ya vito wanapanga meza, na jangwa linajaa magari meupe mpaka upeo wa macho.

Makaburini Quartzsite kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu. Amezikwa pale Haji Ali, mtu wa Shamu enzi za dola ya Uthmaniya, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani. Askari walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na hivyo ndivyo kaburi linavyomwita hadi leo. Alifia hapo mwaka 1902, idara ya barabara ya jimbo ikamjengea ile piramidi mwaka 1935. Alipochukua uraia mwaka 1880 alikuwa amejiandikisha kwa jina la Philip Tedro; mambo ya majina mawili kwenye makaratasi ya uhamiaji hayakuanza na sisi. Tulisimama mimi na mke wangu, tukamsomea Fatiha. Kulikuwa na wazee wawili wa Canada wakipiga picha, wakavua kofia wakasubiri tumalize.

Yuma, kusini zaidi, iko katikati ya hizo mbili: kambi zenye umeme na maji, bei ya kati, na mji wa Mexico wa Los Algodones jirani, ambao biashara yake kubwa ni meno.

Florida kwa ufupi

Nitakuwa mfupi kwa sababu Florida ilitushinda mfukoni. Joto la Januari ni la kwetu kabisa, hakuna asubuhi ya kutetemeka, na bahari ipo. Watu wa Michigan na Ohio hushuka kwa I-75 hadi upande wa Ghuba, wale wa New York hushuka kwa I-95 hadi upande wa Atlantiki, na ukifika Zephyrhills au Fort Myers utazikuta kambi zimejaa watu wanaorudi kiwanja kile kile miaka 20. Mgeni anapata kilichobaki, tena kwa bei ya kilichobaki. Kambi za hifadhi za jimbo ni nafuu na nzuri, lakini wakazi wa Florida huanza kuweka nafasi miezi 11 kabla, wewe wa nje miezi 10, na mwezi huo mmoja wa tofauti unatosha kumaliza kila kitu.

Ukitaka kununua kijumba na kukiacha kiangazi, kumbuka vimbunga. Msimu wake ni Juni hadi Novemba, wakati wewe hupo. Kimbunga Ian kilipiga eneo la Fort Myers Septemba 28, 2022, na wengi walipata habari za nyumba zao kwa simu wakiwa kaskazini.

Kilichonipendeza ni Crystal River. Baridi ikizidi baharini, nguva huingia kwenye chemchemi ambayo maji yake hayapungui nyuzi 22 mwaka mzima. Si nguva wetu wa Lamu na Rufiji, ni binamu, mkia wake ni wa mviringo kama kasia. Nilikaa ukingoni kwa muda wa saa mbili bila kusema neno, na mke wangu anasema hiyo ndiyo huduma bora niliyowahi kumpa.

Desemba

Jambo ambalo vipeperushi havisemi ni kwamba Desemba si kilele cha msimu. Wengi hufika Oktoba au Novemba, wanakula Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, kambini, kisha wanafunga trela na kuruka kwenda kwa wajukuu. Wanarudi baada ya Mwaka Mpya, na Januari ndipo kambi inapochemka. Waliobaki Desemba ni wale ambao watoto wako mbali, au hawapo, au hawapigi simu. Ndio maana sherehe za Desemba ni ndogo na zina uzito wake. Ukitaka kujua kambi ina roho gani, uliza waliobaki wanafanya nini tarehe 25.

Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, inafanana kote: kambi inatoa bata mzinga, kila nyumba inaleta sahani yake. Sisi watu wa pwani tuna neno la zamani la jambo hilo, kikoa, na lilinifaa kuelewa adabu yake. Usije na sahani ndogo, usichukue kwanza, usiondoke na sufuria yako kabla ya wengine. Mwaka wa kwanza, huko Bondeni, tulipeleka pilau ya kuku na kachumbari. Kwa dakika kumi hakuna aliyeigusa, watu wanaizunguka wakiangalia mdalasini. Kisha bibi mmoja wa Nebraska akaonja. Wiki iliyofuata nilikuwa napika kwa sufuria mbili. Kwa Waislamu wenzangu: maharage yao mara nyingi yana nguruwe ndani, hata mboga za majani. Tuliandika kikaratasi mbele ya sahani yetu kueleza kilichomo, na ikawa desturi ya meza nzima.

Hapo Desemba ndipo Bonde linapowaacha wengine nyuma, kwa sababu kuna jamii ya wenyeji nje ya geti ambayo inasherehekea kwelikweli. Mwanzoni mwa mwezi McAllen hufanya gwaride la usiku lenye maputo makubwa yanayowaka taa. Mji wa Hidalgo unawashwa taa. Tarehe 12 ni siku ya Bikira wa Guadalupe, na kuanzia tarehe 16 hadi 24 ni posada: watu wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba kuomba hifadhi kama Yusufu na Mariamu, wanakataliwa, mwishowe wanafunguliwa na kulishwa. Wakatoliki wataipenda basilika ya San Juan del Valle. Ile ya kwanza iliungua mwaka 1970 baada ya rubani kuigonga kwa ndege, hii ya sasa ilifunguliwa 1980. Na kuna tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke ndani ya ganda la hindi. Wanawake wa Bondeni huzitengeneza kwa madazeni, jikoni kumejaa mashangazi na umbea. Uliza zisizo na nguruwe, zipo za kuku na za maharage.

Kambi yetu ilikuwa na mashindano ya kupamba vigari vya gofu. Tulikigeuza chetu kuwa jahazi: mti wa ufagio kuwa mlingoti, shuka kuwa tanga, kanga mbili ubavuni. Moja iliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilitafsiri maneno hayo mara thelathini usiku ule. Tulishika nafasi ya pili, nyuma ya mzee aliyekivisha kigari chake umbo la trekta la kijani, na kwa umati ule wa wakulima sikuona aibu kushindwa.

Arizona ina mifuko ya karatasi yenye mchanga na mshumaa ndani, inapangwa njiani mamia kwa mamia mpaka njia yote inawaka kwa utulivu. Ukiwa Mesa tembelea taa za hekalu la Wamormoni mjini. Quartzsite haina lolote la kupangwa, na hilo ndilo zuri lake kwa wanaolitaka: duara la viti, kuni, nyota, kila mtu na kikombe chake. Florida ina mashua zilizopambwa taa zikipita kwenye mifereji, na Fort Myers huwasha taa kwenye nyumba za baridi za Edison, yule mvumbuzi, na Ford wa magari. Ukibaki hadi Januari 6, nenda Tarpon Springs ukaone vijana wa Kigiriki wakipiga mbizi kuufuata msalaba uliotupwa majini.

Bima, kifua na vumbi

Medicare ni bima ya afya ya wazee Marekani. Ile ya asili, ya serikali, unaweza kuitumia jimbo lolote kwa daktari anayeipokea. Mipango ya Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi, ni hadithi nyingine: mingi ina mtandao wa madaktari wa kwenu, na nje ya eneo lake unalipiwa dharura tu au unaongezewa gharama, ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo unaweza kuondolewa kabisa. Piga simu kabla ya kufunga trela. Wala Medicare hailipii meno ya Nuevo Progreso. Huko ni fedha mkononi. Walioko Ontario, Canada, wana hesabu yao: siku zisizozidi 212 nje ya jimbo katika miezi 12, la sivyo OHIP, bima ya afya ya jimbo hilo, inaweza kuwatoka, nayo hugharamia kidogo sana huku, kwa hiyo bima ya safari ni lazima.

Arizona kuna ugonjwa uitwao homa ya bonde. Usichanganye na Homa ya Bonde la Ufa tunayoijua kwetu, ya mifugo na mbu. Hii ni kuvu iliyo ardhini, unaivuta na vumbi. Wengi hawaugui au hupona wenyewe, lakini wazee, wenye kisukari na watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari zaidi ya kuugua vibaya. Ukirudi Minnesota na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari ulikuwa Arizona, maana yeye hatakisia.

Na Quartzsite, kwa kuipenda kwangu kote, hospitali zilizokuwa karibu zilikuwa Blythe na Parker, km 35 na km 55 hivi. Usiku mmoja nilibanwa kifua huko. Ilikuwa gesi tu, sambusa za mke wangu, lakini nilihesabu kila kilomita.

Bondeni ilikuwa tofauti. Kambini kwetu kila mwenye kukaa peke yake, na sisi tuliojiunga, tulitundika kitambaa mlangoni asubuhi na kukitoa jioni. Siku moja tulilala mpaka saa tatu baada ya safari ndefu. Mzee wa Iowa aligonga, akagonga tena, akaenda kumwita meneja mwenye funguo. Nilifungua nikiwa na msuli kiunoni. Akasema samahani, nikamwambia asiombe samahani.

Weusi wawili ukumbini

Nitasema wazi kwa sababu kila anayenipigia simu huliuliza mwishoni kwa sauti ya chini. Ndiyo, kwenye kambi nyingi mtakuwa Waafrika pekee. Hatujatukanwa. Tumeulizwa kama tulikuja na meli, na kama Tanga iko Afrika Kusini. Kuna meza za siasa ambazo tunazipita na sahani zetu. Bondeni ilikuwa rahisi zaidi kwa sababu nje ya geti hakuna anayekushangaa kwa lafudhi yako. Nusu ya mji ina lafudhi. Msikiti upo McAllen, na Tempe, karibu na Mesa, kuna msikiti wenye umbo la Kuba ya Mwamba ya Quds. Jangwani unasali kwenye mkeka wako.

Kilichomuuma mke wangu zaidi ni wajukuu. Sheria ya mwaka 1995 inaruhusu kambi kuwa ya wazee iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi, na kambi hizo huweka ukomo wa siku ambazo mtoto anaweza kulala. Kwa Mswahili, nyumba inayohesabu siku za mjukuu ni kitu kigeni. Kama binti zako watakuletea watoto likizo nzima ya Desemba, tafuta kambi isiyo ya 55, hata kama ina kelele.

Dizeli

Gari letu likivuta trela linakula galoni moja kwa kila km 16. Bondeni ni kama galoni 145 kwenda tu, Quartzsite 180, Fort Myers 175. Ongeza kulala njiani mara nne au tano. Ukikodi kijumba na kuja na gari dogo, hesabu inabadilika kabisa, na kwa msimu wa kwanza ndivyo ningekushauri: panga mwezi mmoja, usinunue chochote, hata mapazia.

Wengine huniuliza mbona tusiende zetu Tanga, kaskazi inavuma, embe zimeiva. Tunakwenda, mara moja kila miaka miwili au mitatu. Lakini mke wangu ana daktari wa moyo, na Medicare haivuki bahari. Swali la nani atatuangalia tukishindwa kuendesha pia lipo. Chama cha watu wa RV kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina kituo Livingston, Texas, kwa wanachama waliofikia hali hiyo: unaegesha nyumba yako ile ile, unapewa chakula na uangalizi. Tulipita kukitazama. Mke wangu alihesabu ngazi za mlango wa kila trela.

Kwa hiyo: mwenye pensheni ndogo na anayetaka majirani, Bondeni. Mwenye kupenda michezo na hospitali kubwa jirani, Mesa, ila apige simu kuhusu umri wa gari. Mwenye afya, sola na hamu ya kimya, Quartzsite, walau Januari moja. Mwenye watoto Atlanta au North Carolina na fedha za kutosha, Florida, na aanze kutafuta nafasi leo.

Sisi tumeshatuma arbuni Bondeni, Novemba hadi Machi. Ramadhani sasa inaangukia Februari, ukumbi ukiwa umefurika, na mwaka 2030 zitakuwa mbili, ya Januari na nyingine inayoanza mwisho wa Desemba. Msimamizi wa ratiba amemwandikia mke wangu kuuliza kama futari inaweza kuwekwa siku ya Jumatano, kabla ya bingo. Amejibu inawezekana, ila bingo ndiyo isubiri jua lizame.